Kuku wa mradi na kuku wa kwetu: tuulize mayai yametoka kwa nani

Jumamosi mbili zilizopita kikundi chetu cha wafugaji hapa Mokowe kilikutana kujibu swali lililoonekana jepesi. Mradi mmoja wa ufugaji ulikuwa umetuahidi vifaranga 400 "wa kienyeji walioboreshwa", chakula cha mwezi wa kwanza na mafunzo ya siku mbili. Vyote bure. Kwenye fomu kulikuwa na sharti moja tu: kila mwanachama aondoe majogoo wake wa zamani kabla vifaranga hawajafika, ili mbegu isichanganyike.

Wengi wetu tulikuwa tayari kutia sahihi. Vifaranga 400 si mzaha kwa kikundi cha watu 22, ambao wengi wao ni akina mama wanaotegemea kuku kwa ada ya shule na dawa ya mtoto aliyeamka na homa. Kisha shangazi yangu, mkubwa wetu kwa umri, akainuka akauliza: "Nikishamchinja jimbi wangu, na hao wenu wakafa, nitampata wapi mwengine?" Afisa wa mradi akajibu kwa upole kwamba tutapiga simu na tutaletewa wengine. Shangazi akauliza tena: "Kwa pesa ya nani?" Mkutano ukanyamaza.

Mimi ndiye katibu. Niliambiwa nikatafute majibu, nirudi nayo mkutano ujao. Nimeamua kuyaandika hapa kwa sababu najua swali hili si la Mokowe peke yake.

Tazama hali ilivyo. Kuanzia Vanga hadi Kiunga, kuku wa kienyeji ameingia kwenye mipango ya maendeleo na kwenye siasa kwa pamoja. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwanza NARIGP iliyofika Kwale na Kilifi na sasa NAVCDP, imewekeza kwa wakulima na wafugaji wadogo kupitia vikundi. Serikali za kaunti nazo zina mipango yao. Na kadiri tunavyokaribia uchaguzi wa 2027, hakuna zawadi inayopendeza kwenye picha kama kasha la vifaranga. Sisemi ni vibaya. Kuku ni mali ambayo mwanamke wa Pwani anaweza kuiuza bila kuomba ruhusa ya mtu. Ninalosema ni kwamba vifaranga hununuliwa kwa maelfu, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza wametoka kwa kuku gani.

Mfugaji anayetaka kuanza ana milango miwili. Wa kwanza ni kituo cha kutotolea vifaranga: mashine kubwa, mayai kutoka kwa kuku wazazi wanaofugwa pamoja, vifaranga wa siku moja wanaouzwa kwa mamia. Wa pili ni mfugaji wa mbegu: mtu wa kijijini mwenye koo na majimbi anaowajua mmoja mmoja, anayekuuzia mayai, kuku wadogo wa miezi miwili mitatu, au jimbi aliyekomaa. Milango yote miwili imeandikwa neno moja juu yake, "kienyeji", na hapo ndipo tunapopotea.

Neno hilo siku hizi linabeba kila kuku mwenye rangi. Kuroiler anaitwa kienyeji, ilhali alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms katika miaka ya 1990. Sasso anaitwa kienyeji, naye asili yake ni Ufaransa. Rainbow Rooster anaitwa kienyeji, naye pia ametoka India. Kuku aliyeboreshwa na KALRO ana haki zaidi ya jina hilo, kwa kuwa kazi yake ilianza na kuku wa humu nchini waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi, lakini naye ni kuku aliyechaguliwa ili atage na akue, si kuku yule yule wa uani kwa bibi. Wote hawa ni kuku wazuri kwa kazi yao. Ila ukiambiwa "kienyeji" bila jina la pili, hujaambiwa kitu.

Wenzetu wa Marekani walikumbana na utata kama huu. Mwaka 2009 shirika la The Livestock Conservancy liliweka vigezo vya kuku anayestahili kuitwa wa urithi: awe wa aina inayotambulika tangu zamani, apandane mwenyewe kwa njia ya kawaida, aweze kuishi na kuzaa nje kwa miaka mingi, na akue polepole, asifikie uzito wa soko kabla ya wiki 16. Si lazima tuwaige. Lakini ona faida ya kuwa na maana iliyoandikwa: mnunuzi anaweza kumuuliza muuzaji maswali manne na kujua anauziwa nini. Sisi tunauliza bei tu.

Nami sizungumzi nikiwa pembeni. Nimepita milango yote miwili, na yote miwili imenichoma.

Miaka miwili iliyopita niliagiza vifaranga 100 kutoka kituo kimoja cha bara kwa shilingi 110 kila mmoja. Walipakiwa kwenye kasha la karatasi lenye matundu, wakasafiri kwa basi usiku hadi Mombasa, wakaunganishwa na basi jingine hadi jeti ya hapa kwetu. Nauli yao ilikuwa 1,500. Tisa walifika wamekufa. Wengine 14 wakafa wiki mbili za kwanza, wengi usiku mmoja ambao jiko la makaa lilizimika nami nimelala. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unalipunguza kidogo kidogo. Sisi wa Pwani tunadhani jua letu linatosha. Mchana linatosha, lakini alfajiri ya mwezi wa saba haimbembelezi kifaranga asiye na mama.

Waliobaki 77 walikua vizuri sana, sitaki kusema uongo. Baada ya miezi minne na nusu niliuza 68 kabla ya Idi kwa wastani wa shilingi 750, nikapata 51,000. Ukitoa vifaranga 11,000, nauli 1,500, chakula 24,000, chanjo na makaa 3,500, nilibaki na 11,000. Hiyo ni pesa halali, na nisingeipata kwa kuku wa uani kwa muda huo.

Shida ilianza nilipotaka kuendelea bila kununua tena. Niliacha tembe wanane na jogoo mmoja. Walitaga kweli kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeatamia. Nilichukua mayai nikayaweka chini ya kuku wa jirani, akaangua, na watoto hawakufanana: wawili wakubwa kama wazazi wao, wengine wadogo, mmoja mwenye miguu mibovu. Nilipouliza kituoni niliambiwa jambo ambalo lingefaa niambiwe siku ya kwanza: hawa ni machotara, nguvu yao iko kwenye kizazi cha kwanza, na kila msimu napaswa kununua upya. Hakuna aliyenidanganya, ila hakuna aliyenieleza.

Mlango wa pili nao. Mwaka jana nilinunua koo watatu kwa shilingi 1,200 kila mmoja na jimbi wa kuchi kwa 3,500 kutoka kwa mfugaji mmoja ninayemheshimu. Kuku walikuwa warefu, wakavu, wenye macho makali, mbegu ya kweli. Niliwafungulia siku ile ile wachanganyike na wangu. Wiki tatu baadaye kideri kikaingia: kuku akazubaa, akaharisha kijani, shingo ikapinda. Kati ya wale wanne alibaki koo mmoja, na kuku wangu 17 wakaenda nao. Sijui hadi leo kama ugonjwa ulikuja na wale wageni au ulikuwa tayari mtaani. Ninachojua ni kwamba sikuuliza kama wamechanjwa, na yeye hakusema.

Kwa hivyo anayewaambia kwamba kituo ni wezi na mfugaji wa kijijini ni mwaminifu, hajafuga. Na anayewaambia kwamba kuku wa kijijini ni magonjwa tu na sayansi iko kituoni, naye hajafuga. Kila mlango una jambo unalolifanya vyema.

Kituo kinaweza mambo matatu ambayo kijiji hakiwezi kwa urahisi. Kinaweza kutoa vifaranga wa umri mmoja kwa wingi, ili uwachanje pamoja, uwalishe pamoja na uwauze pamoja. Kinaweza kuwachanja Marek siku ya kwanza, chanjo ambayo ni vigumu kuipata na kuitumia nyumbani. Na kinakupa ratiba: kideri wiki ya kwanza na kurudiwa, Gumboro kuanzia wiki ya pili, baadaye ndui na homa ya matumbo ya kuku. Ukiifuata, vifo vinapungua.

Mfugaji wa mbegu anaweza mambo matatu ambayo kituo hakiwezi. Anakuonyesha mama na baba wa kuku unayemnunua. Anakupa kuku ambaye wazazi na mababu zake wameishi kwenye joto hili, chumvi hii na chakula hiki cha kuokota. Na anakupa kuku anayeatamia, analea na kupigana na kunguru. Hilo la mwisho tusilidharau. Anayefuga Pwani anajua kunguru anavyokaa juu ya paa akihesabu vifaranga. Kuku wa kienyeji mwenye watoto humrukia. Vifaranga wa kasha hawana wa kuwatetea isipokuwa wavu ulionunua.

Sasa nifike kwenye lile la sharti la majogoo, kwa sababu ndilo lenye uzito.

Kuku tulionao si takataka zilizobaki baada ya kuku wazuri kwenda mjini. Wana majina, na majina yenyewe ni elimu. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, ana upungufu wa manyoya mwili mzima. Akirithi tabia hiyo kwa mzazi mmoja, manyoya hupungua kwa karibu asilimia 20, na akiirithi kwa wote wawili hupungua kwa karibu asilimia 40. Kwa hiyo hupoa haraka kwenye joto, na wataalamu wa nchi za joto wanamtafuta kwa sababu hiyo hiyo. Kidimu, mwenye manyoya yaliyojipinda, naye joto halimsumbui sana. Bukini, asiye na mkia, anabeba jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Na kuchi, mrefu aliyesimama wima, mwenye mdomo mfupi mnene na manyoya machache, ni fahari ya Lamu hii yetu. Watafiti waliolinganisha vinasaba vyake na vya kuku wa nchi nyingine wameona ukaribu wake na kuku wa Asia ya Mashariki, hasa Shamo wa Japani. Yaani ukoo wake umepita njia ya bahari, njia ile ile ya majahazi na misimu ya pepo iliyoleta mambo mengi mengine yaliyotufanya tuwe tulivyo.

Wapo waliomfuga kuchi kwa kupiganisha. Hilo sheria inalikataza, na dini yetu haikubali kumtesa mnyama kwa mchezo. Lakini kuchi hahitaji ngumi ili awe na thamani. Jimbi wa kilo tatu si ajabu kwake, nyama yake ina ladha inayotafutwa, na jimbi mmoja safi hapa kwetu huuzwa bei ya majogoo watatu wa kawaida. Udhaifu wake ni kwamba hutaga mayai machache. Basi ukimpima kwa mayai tu, atashindwa kila mara, na kila mradi unaopima kwa mayai utatuambia tumuondoe.

Tena si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku. Ndani yake kulikuwa na utaratibu wa kubadilishana: mwanakijiji anatoa jogoo wake wa kienyeji, anapewa jogoo wa aina ya kigeni ili apande koo wa pale kijijini na kuinua kizazi. Nia ilikuwa njema. Watoto wa kwanza walikuwa wakubwa na walitaga zaidi. Lakini faida hiyo huyeyuka kizazi baada ya kizazi pasipo jogoo mpya wa kuleta damu, na wafadhili hawakai milele. Mradi ukiisha, jogoo wa kigeni amezeeka, na yule wa zamani alishaliwa. Ndilo swali la shangazi yangu hasa, na limekuwa likisubiri jibu karibu nusu karne.

Na si wafadhili tu wanaoweza kuondoka. Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa Uganda, na Kenya ikapiga marufuku kuku na bidhaa zake kutoka huko. Ilikuwa hatua sahihi ya kinga. Lakini mfugaji aliyetegemea vifaranga au kuku wazazi kutoka ng'ambo ya mpaka aliamka asubuhi hana pa kununua. Mbegu ambayo chanzo chake kiko mbali nawe inaweza kukatika kwa uamuzi usioujua, siku usiyoijua. Mbegu iliyo uani kwako hukatika kwa uzembe wako tu, au kwa kideri.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Nimeufikiria sana msemo huu wiki hizi. Kila kipande chake ni tatizo linalotatulika bila kumchinja jimbi.

Chukua hilo la kutaga. Kuku wetu hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, na kwa mwaka hafiki mbali, mayai 40 hadi 60 hivi. Kuku wa KALRO akilishwa vizuri hutaga zaidi ya 200. Tofauti inatisha, mpaka uangalie kuku wa kienyeji anafanya nini na muda wake. Anaatamia siku 21. Kisha analea wiki nane au zaidi. Muda wote huo hatagi. Yeye ni mashine ya kuangulia, ni mlezi na ni mlinzi, kisha tunamlaumu kwamba hatagi. Ukimtoa mayai ukayaweka kwenye mashine, au vifaranga wakaangaliwa na mwengine, baada ya majuma machache anarudi kutaga. Hatafika 200, lakini hatabaki 40.

Hapo ndipo nilipofikia jibu ambalo nitalipeleka kikundini. Ugomvi wa kituo na mfugaji wa mbegu umewekwa mahali pasipo pake. Mashine haina kosa. Mashine haijui kuchi wala Sasso. Inaangua yai lolote lenye mbegu, kwa nyuzi 37 na nusu, likigeuzwa hadi siku ya 18, umeme usikatike. La kuuliza ni mayai ya nani yanaingia ndani yake. Kituo kinachoangua mayai ya kuku wetu ni rafiki yetu mkubwa. Mradi unaoleta vifaranga na kuondoa majogoo wetu, hata ukiwa na moyo safi, unatuuzia utegemezi kwa bei ya bure.

Kwa mfugaji mmoja mmoja anayenisoma, ushauri wangu ni huu. Ikiwa unataka nyama ya kuuza Ramadhani na Idi, au mayai ya kupeleka dukani kila wiki, nenda kituoni bila aibu. Uliza jina halisi la kuku, uliza kama amechanjwa Marek, uliza vifaranga wameanguliwa siku gani na watakaa safarini saa ngapi. Jenga banda, weka wavu, nunua chakula kabla hujanunua kifaranga. Na usiwafungulie majogoo wao wakachanganyika na koo wako wa kienyeji. Wauze wote, kisha anza upya.

Ikiwa unataka kuku watakaokuwepo hata mwaka ambao huna pesa ya kununua, nenda kwa mfugaji wa mbegu. Usimnunue kuku ambaye hujawaona wazazi wake. Uliza jimbi wake alitoka wapi na amekaa hapo muda gani. Jimbi akikaa miaka mingi anaishia kupanda binti zake, na mayai yanaanza kutoangua. Usinunue wote nyumba moja: koo wawili hapa, wawili kule, jimbi kijiji kingine. Jimbi mmoja atosha koo wanane hadi kumi. Uliza chanjo ya kideri, na hata ukijibiwa vizuri, watenge wiki mbili kabla hawajakutana na wako. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo naifahamu sasa kuwa ni afya ya wenyeji wake pia. Mimi nililipa kuku 17 kujifunza hilo.

Na kideri chenyewe hakina dawa, kina chanjo tu. Kinachowashinda watu ni kwamba chupa ya chanjo ni ya kuku 100 au zaidi, na mama mwenye kuku kumi haoni sababu ya kuinunua. Mtaa mzima ukichanga na kuchanja siku moja, kisha kurudia kila miezi mitatu au minne, gharama kwa kuku mmoja inakuwa ndogo kuliko yai lake. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu mmoja mwenye kopo la barafu na orodha ya majirani.

Kwa viongozi wetu wa kaunti nina ombi moja. Pesa ya kununua vifaranga ipo, nayo ni pesa ya umma. Tengeni sehemu yake, hata robo, inunue mayai kutoka kwa wafugaji wa mbegu wa hapa hapa: Matondoni, Faza, Hindi, Witu, na kwengineko kila kaunti kwa vijiji vyake. Yaangulieni kwenye mashine za vikundi, ambazo nyingine zimekaa zikishika vumbi. Wachanjeni vifaranga, kisha wagaweni. Mtakuwa mmemlipa mfugaji wa kijijini, mmempa jirani yake kuku aliyechanjwa, na mbegu imebaki. Picha ya kasha la vifaranga itapendeza vile vile.

Ulimwengu ulishakubaliana kuhusu jambo hili. Mwaka 2007 huko Interlaken, Uswisi, nchi zilipitisha mpango wa dunia wa FAO wa kuhifadhi mbegu za mifugo, zikikiri kwamba aina za kienyeji zinapotea kwa sababu zinabadilishwa na aina chache zinazofugwa kila mahali. Lakini kuchi hatahifadhiwa Interlaken. Atahifadhiwa au atapotea kwenye fomu kama ile tuliyoletewa sisi, kwenye mstari ule unaosema "ondoa majogoo wako".

Pendekezo nitakalolisoma Jumamosi lina vipengele vitatu. Tupokee vifaranga 200 badala ya 400, walelewe kwenye mabanda ya wanachama sita wenye wavu na nafasi, na wauzwe wote kabla ya kufikia umri wa kupanda. Sharti la majogoo lifutwe kwenye fomu. Na thamani ya vifaranga 200 waliobaki tuombe tupewe kama mashine moja ya mayai 264 pamoja na chanjo, nasi tutaijaza kwa mayai ya koo wetu, yakiandikwa kwa penseli jina la nyumba yalikotoka. Katika kila mayai 100 tukipata vifaranga 70, kwa wanaoanza tutakuwa tumefanya vyema.

Nimemtumia afisa wa mradi pendekezo hilo. Amejibu kwamba vipengele viwili vya kwanza vinazungumzika, ila cha tatu lazima akipeleke kwa wakubwa wake. Nami nimemjibu kwamba tutasubiri. Wapo wanachama waliokwisha kunipigia simu kuniambia ninawachezea riziki yao, kwamba mradi ukikasirika utahamia kijiji kingine na tutakosa vyote. Sina hakika kwamba wamekosea. Kukataa kuku wa bure ni jambo la kumjibia mwenye njaa, si la kuandika gazetini. Ndiyo maana sitaki tukatae. Nataka tujadiliane, jambo ambalo vikundi vyetu havijazoea kulifanya mbele ya mtu mwenye gari na fomu.

Shangazi hajasema atapiga kura gani. Jana nilipompitia, nilimkuta ameinama uani anahesabu mayai chini ya koo wake. Yalikuwa 12. Aliniuliza ile mashine ikija itakula umeme wa shilingi ngapi kwa siku 21, na nikagundua kwamba hilo sikulitafuta. Nimelitia kwenye orodha.